Kupanda Nyiragongo: mambo ambayo njia ya mulima inatufundisha sisi wakaaji wa chini

Wakaaji wengi wa komini za Goma na Karisimbi, na wa teritware ya Nyiragongo, wanazaliwa na kukomaa wakiangalia mulima ule ule kila asubuhi, lakini hawajafika juu hata siku moja. Wengine wanasema ile ni kazi ya watalii. Wengine wanasema franga za kulipa hawana. Wengine wanaogopa tu, na uoga wao una sababu.

Njia ya kupanda Nyiragongo ni moja ya njia ngumu za siku moja katika mashariki ya inchi yetu. Ni pia kama kitabu kilichofunguliwa. Mwenye kupanda anakanyaga mawe ya miaka mbalimbali, anapita pembeni ya mipasuko ingali inatoa mvuke, halafu anafika kwenye mudomo wa kratere. Tunaeleza hapa safari hiyo hatua kwa hatua, juu ya somo moja linalomuhusu hata mutu ambaye hatapanda kamwe: moto uliokuja kuchoma muji wetu haukumwagika kutoka juu. Ulitoka ubavuni.

Safari inaanzia Kibati

Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru, unaacha Majengo, unapita Kanyaruchinya, kisha unafika Kibati. Ni barabara tunayoijua vizuri. Chukudu zinateremuka zikiwa zimejaa magunia ya makala na viazi vya Kibumba. Ni barabara ya machozi pia: mwaka 2008, 2012 na tena 2022, Kibati na Kanyaruchinya zilipokea maelfu ya watu waliokimbia vita, na hema zao zilisimama juu ya mawe haya meusi.

Kituo cha walinzi wa mbuga ya Virunga kiko Kibati, kwenye urefu wa karibu meta 1,990 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha mulima kiko kwenye meta 3,470. Njia inayounganisha hizo mbili ina kilometa kama 8. Kilometa 8 si nyingi, mama anayetoka Kanyaruchinya kwenda soko la Virunga anazijua. Shida ni kupanda. Karibu meta 1,500 kwenda juu ni sawa na kupanda ngazi za nyumba yenye etaji karibu 500.

Kwa mutu wa kawaida, kupanda kunachukua masaa manne hadi sita, na kushuka masaa matatu au manne. Mwenye kuanza asubuhi mapema na mwenye miguu yenye mazoezi anaweza kwenda na kurudi siku moja. Watalii wengi walikuwa wanalala juu, ndani ya vijumba vidogo vilivyojengwa karibu na kratere, ili usiku waone mwangaza wa lava.

Kwa nini njiani hakuna maji

Mwanzoni njia si mbaya. Inaingia porini, chini ya miti, kwenye udongo mweusi. Ndege wanasikika. Mutu anaweza kufikiri kwamba wale wanaosema safari ni ngumu wanapiga chuku.

Lakini mwenye macho ataona jambo moja: hakuna kijito. Mvua inanyesha sana kwenye mulima huu, tena karibu kila mwezi, na bado hakuna muto unaoteremuka. Maji yanaenda wapi? Yanamezwa. Lava ikipoa inabaki na matundu na nyufa nyingi, kwa hiyo maji yanapita ndani yake kama ndani ya kichungi na yanaenda kutokea chini kabisa, karibu na ziwa Kivu.

Ndiyo maana mwenye kupanda analazimika kubeba maji yake yote tangu Kibati. Na ndiyo maana wanawake na watoto wa teritware ya Nyiragongo wanatembea mbali na mabido mugongoni, au wanategemea maji ya mvua yanayotoka kwenye mabati. Tutaona mbele kwamba hata maji hayo ya mabati yana shida yake.

Mawe yanaeleza umri wao

Baada ya pori, njia inaanza kusimama. Udongo unaisha, mawe yanaanza. Hapa ndipo wengi wanaanza kuhema. Mawe ni mepesi na makali, yanaviringika chini ya mguu, unapiga hatua mbili unarudi nyuma moja. Viatu vya plastiki havifai, na makoti ya miguu, yaani bote zenye kushika vizuri kifundo, ndizo zinaokoa mutu asiteguke.

Mutu wa Goma hatashangaa mawe yenyewe. Ni yale yale tunayopasua kwa nyundo, tunayojengea ukuta wa lupango na musingi wa nyumba. Tofauti ni kwamba pale juu yako mahali yalipolala siku yalipopoa, na unaweza kuyasoma. Jiwe jeusi lisilo na kitu juu yake ni jipya. Jiwe lililofunikwa na kitu cha kijivu kama manyoya limekaa miaka. Kisha majani madogo yanaingia kwenye nyufa, kisha vichaka, kisha miti. Mahali miti ni minene, lava haijapita tangu zamani za mababu.

Kwa hiyo mutu anayepanda anaweza kutazama kulia na kushoto na kuona mistari: hapa pori, hapa jiwe tupu, hapa pori tena. Mistari hiyo ya mawe matupu ni njia ambazo moto ulifuata. Na ukigeuka nyuma kuangalia chini, unaona inaelekea wapi. Inaelekea Munigi, Majengo, kiwanja cha ndege na ziwa.

Shaheru: mahali ubavu ulipopasuka

Karibu na katikati ya safari, njia inapita pembeni ya Shaheru. Hii ni kratere ya zamani iliyokufa, upande wa kusini wa mulima, yenye upana wa meta 800 hivi. Mutu akisikia volkano iliyokufa anatulia moyo. Lakini kandokando ya Shaheru kuna mipasuko, na ndani ya mipasuko mingine mvuke wa moto unatoka mpaka leo. Wenye kupanda hupumzika hapo na kuota moto wa bure. Wengi hawajui kama wamekaa mahali pa hatari kubwa zaidi kuliko mudomo wa kratere.

Tuelewe namna mambo yalivyo. Ndani ya kratere ya juu, kwa miaka mingi, kulikuwa na ziwa la lava. Ziwa hilo linasukuma ukuta wa mulima kutoka ndani, kama maji yanavyosukuma pipa. Pipa likijaa linaweza kumwagika juu, ni kweli. Lakini ukilitoboa chini ubavuni, maji hayatangoja lijae. Yanatoka kwa nguvu, na juu panabaki patupu. Nyiragongo ulifanya hivyo mara tatu katika historia tunayoijua vizuri.

Mara ya kwanza ni tarehe 10 Januari 1977. Mbavu za mulima zilipasuka, na ziwa lote la lava likaisha kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, na silika ndiyo inayofanya lava iwe nzito. Kuna volkano duniani ambazo lava yao ni kama bugali. Ya kwetu ni kama mawese yaliyokaa motoni. Kwenye muteremko wataalamu wanakadiria ilifikia kilometa 60 kwa saa. Hakuna mutu anayeweza kuikimbia hiyo kwa miguu, na watu wa vijiji vya karibu na mulima walikufa bila kupata nafasi.

Mara ya pili ni tarehe 17 Januari 2002. Mipasuko ilianza upande wa Shaheru na ikashuka mpaka Munigi, karibu na muji. Lava ilifunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikapita Birere na katikati ya muji, ikaangusha kathedrale ya Mutakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Zaidi ya asilimia 10 ya muji ilifunikwa, na watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Ndani ya muji, mahali pa tambarare, lava ilitembea pole pole, na hiyo iliwapa watu wengi nafasi ya kuondoka kwa miguu. Makumi ya watu walikufa baadaye wakati kituo cha mafuta kilipolipuka.

Mara ya tatu wengi wetu tunaikumbuka kwa macho yetu: Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Mipasuko ilifunguka ubavuni, si mbali na Kibati, ikakata barabara ya Rutshuru, na lava ikasimama Buhene, karibu sana na kiwanja cha ndege. Watu wapatao 30 walikufa siku hizo, na maelfu ya nyumba ziliungua.

Mara zote tatu, ubavu. Mwenye kusimama Shaheru akaona ule mvuke hahitaji darasa lingine.

Baridi na hewa nyembamba

Kutoka Shaheru, njia inakuwa kali zaidi. Miti inafupika, inabaki ile yenye majani madogo kama sindano, yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia. Kisha hata hiyo inaisha. Sehemu ya mwisho ni muteremko wa mawe matupu, umesimama kama paa la nyumba, na hapo mutu anapanda kwa mikono na miguu.

Mambo mawili yanachosha hapo kuliko mawe. Kwanza hewa. Kwenye meta 3,470 hewa ni nyembamba, imepunguka kama theluthi moja ukilinganisha na pembeni ya bahari. Mapafu yanafanya kazi zaidi, moyo unapiga haraka, kichwa kinaweza kuuma. Si ugonjwa wala uchawi. Dawa ni kwenda pole pole, hatua fupi, na kunywa maji kidogo kidogo. Lakini mutu ambaye kichwa kinazidi kuuma, anatapika au anayumba kama mulevi, hapaswi kuendelea. Ashuke.

Pili baridi. Kwa kila meta 1,000 unazopanda, joto linapunguka digrii kama 6. Goma iko kwenye meta 1,500 hivi, kwa hiyo kilele kina baridi ya digrii 12 zaidi ya pale nyumbani, na upepo juu yake. Mutu anayetoka Birere na shati moja, akatoka jasho, kisha mvua ikamukuta juu, anaweza kufa kwa baridi akiwa karibu kabisa na moto wa volkano. Nguo kavu ya kubadilisha si mapambo.

Kwenye mudomo wa kratere

Ghafla mulima unaisha. Mbele ya miguu kuna shimo lenye upana wa zaidi ya kilometa moja, kuta zake zimesimama wima. Ndani kuna ngazi kubwa za mawe. Ngazi hizo zinaonyesha urefu ambao ziwa la lava lilifikia zamani kabla halijashuka. Mwanasayansi Haroun Tazieff, aliyefika hapa mwaka 1948, ni mumoja wa wale waliofanya ulimwengu ujue kwamba ndani ya Nyiragongo kuna ziwa la moto. Kabla ya 2021 lilihesabiwa kuwa kubwa kuliko mengine yote duniani, na usiku mwangaza wake ulionekana mpaka Goma.

Tarehe 22 Mei 2021 ziwa hilo lilitoweka. Sakafu ya kratere ilianguka. Miezi iliyofuata, wekundu ulianza kuonekana tena usiku.

Hapa kuna jambo ambalo wakaaji wengi wanaligeuza. Wengine wakiona mawingu mekundu usiku wanafunga mizigo. Wengine wasipoona kitu wanasema mulima umelala. Wote wawili wanaangalia mahali ambapo jibu haliko. Wekundu unaonyesha tu kwamba lava iko karibu na juu na chimini iko wazi. Hausemi kama ukuta wa ubavuni utashika au utapasuka. Watafiti walioandika juu ya mulipuko wa 2021 katika jarida la Nature, mwaka 2022, walieleza kwamba mulima haukutoa zile dalili za siku nyingi ambazo volkano zingine hutoa. Ukuta ulipasuka, na lava iliyokuwa tayari ndani ikatoka.

Pale juu kuna pia moshi. Una gesi kali, na upepo ukigeuka, macho yanawasha na kifua kinabana. Moshi huo ukichanganyika na mawingu unaleta mvua yenye asidi na flori. Vijiji vilivyo upande ambao upepo unapeleka moshi, kama Rusayo, vinaona majani ya mazao yakiungua na meno ya watoto yakipata madoa ya kahawia. Ndiyo shida ya maji ya mabati tuliyoitaja. Mabati pia yanaota kutu mapema kuliko mahali pengine.

Kwa mwenye kutaka kupanda

Njia hii iko ndani ya mbuga, haipandwi bila walinzi na bila ruhusa. Ilifungwa mara nyingi juu ya usalama na juu ya mulima wenyewe. Kwa hiyo kwanza ulizia kama imefunguliwa, na usikubali mutu wa pembeni anayekuambia anajua njia ya mukato. Beba maji yasiyopungua litre tatu, chakula cha kutia nguvu, koti ya mvua, nguo kavu, na torshi hata kama unapanga kurudi kabla ya giza. Wabebaji wa mizigo wa Kibati wanaishi kwa kazi hii, kuwapa muzigo si uvivu, ni kuwapa chakula. Pale juu usikaribie ukingo, kwa sababu mawe yake hayashikani. Na kumbuka kushuka: magoti yanaumia zaidi wakati wa kurudi, na watu wanaanguka sana wakiwa wamechoka na wanafikiri wamemaliza.

Na sisi tunaobaki chini tuangalie nini?

Kama dalili haiko kwenye wekundu wa juu, iko wapi? Iko mahali wengi wanapita bila kutazama.

Kwanza ni rangi za tahadhari za OVG, kituo kinachochunguza volkano hapa Goma. Kijani ni hali ya kawaida. Njano ni kuwa macho. Machungwa ni kujitayarisha kuondoka. Nyekundu ni hatari. Mutoto wa shule anapaswa kuzijua kama anavyojua rangi za bendera.

Pili ni ardhi yenyewe. Matetemeko madogo yanayofuatana, mipasuko mipya kwenye shamba au barabarani, udongo unaopata joto, majani yanayokauka bila jua kali. Ukiona hayo, julisha shefu wa avenyu au wa kijiji, naye apeleke habari. Usingoje kuuliza jirani kama na yeye ameota.

Tatu ni mazuku. Gesi hii haina rangi na ni nzito kuliko hewa, inajaa mabondeni na kwenye mashimo, zaidi asubuhi mapema kama hakuna upepo. Bulengo na kandokando ya Lac Vert wanaijua. Mahali mbuzi au panya wamekufa bila kidonda, usishuke kuwatoa, na usimutume mutoto.

Nne ni kuongea nyumbani kabla ya siku yenyewe. Tarehe 27 Mei 2021, wakati serikali ya jimbo ilipoamuru kartie kumi ziondoke, karibu watu 400,000 walitoka kwa siku chache. Wengine walienda Sake, wengine Rwanda, wengine Bukavu kwa ziwa. Watoto wengi walipotezana na wazazi. Kila nyumba iamue leo: tukitawanyika, tunakutana wapi? Kadi na hati ziko kwenye mufuko gani? Nani anabeba mutoto, nani anamushika mukono babu?

Na tano: lava ikisha kusimama, tusiende kuipanda kuangalia. Mwaka 2021 kuna watu waliokufa kwa gesi wakijaribu kuvuka lava iliyokuwa ingali moto. Jiwe linaweza kuwa jeusi juu na jekundu ndani.

Mulima hatuwezi kuuhamisha, na muji pia hautahama. Udongo wake unatupa viazi, mawe yake yanatupa nyumba. Tunachoweza ni kujua unapasukia wapi, na kujua tutapita njia gani siku hiyo.